Kuku wa Uani na Kitoweo cha Nyumbani: Tulikotoka

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zitakueleza habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi tumepewa ukurasa wa kuku. Katika kikao cha maandalizi wako waliocheka, wakasema historia ya kikundi haiandikwi kwa kuku. Tukawauliza: hisa zenu za kwanza zilitoka wapi? Kimya. Maana wengi wetu ile hisa ya kwanza ya shilingi 1,000, mwaka 2015, tuliipata kwa kumuuzia jogoo au mayai mchuuzi wa matenga aliyekuwa akipita na baiskeli.

Kuku mwenyewe ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni ndege wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulieleza kwamba mifupa ya kale zaidi inayoaminika kuwa ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, nchini Thailand, nayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wataalamu hao wanaona ndege hao walisogea karibu na watu kwa kufuata nafaka. Hilo halikutushangaza hata kidogo. Anika uwele hapa Singida uone nani atafika wa kwanza. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki kuku alishakuwa kitoweo cha heshima zamani: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kuwa Mogadishu alikaribishwa kwa wali wa samli na mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga.

Huku kwetu bara kuku ndiye mfugo wa mwanamke. Ng'ombe wana mwenyewe, mbuzi wana mwenyewe, na mwenyewe ni baba. Kuku ni wa mama, mpaka siku ya kumchinja.

Bibi zetu walifuga lakini hawakula. Mjamzito aliambiwa akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Mtoto aliambiwa akizoea mayai atakuwa mwizi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, na waliokaa jikoni wakabaki na shingo, miguu na mchuzi. Wala hatukuwa peke yetu; kule Buganda mila iliwakataza wanawake kula kuku na mayai kabisa. Mwanachama wetu mkubwa kuliko wote anasema mara ya kwanza kupewa paja la kuku alikuwa ameshazaa mara tatu, na alipewa kwa sababu alikuwa mgonjwa. "Nikadhani nakufa," anasema, "maana si kawaida."

Serikali ilijaribu kuligeuza jambo hili mapema. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikaja ile kampeni ya redio ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi chini ya miti, redio katikati, kiongozi na kitabu chake, wakafundishwa habari za maharage, mboga za majani, maziwa na mayai. Mama zetu baadhi walikuwepo. Mmoja wetu anakumbuka kwao somo la mayai lilieleweka sana: tangu wiki ile baba yake akaanza kula mayai.

Sasa tuje kwenye kikundi. Utaratibu wetu wa hisa, mfuko wa jamii na sanduku la kufuli tatu una historia yake, maana vikundi vya namna hii vilianzishwa na shirika la CARE kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, vikaenea. Tulianza wanachama 28. Mikopo ilipofunguliwa mwaka 2016, 19 kati yetu waliandika sababu moja: mradi wa kuku. Tulijenga mabanda ya miti na udongo, yameinuliwa juu kwa ajili ya vicheche. Chakula kilikuwa pumba, mashudu ya alizeti ambayo Singida hayana shida, na mchwa wa kuchimba. Hesabu tulizipiga wenyewe. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, anaatamia siku 21, na kwa mwaka anaweza kufanya hivyo mara tatu. Kwenye karatasi tulikuwa tumeshatajirika.

Agosti mwaka 2017 mdondo ukaingia. Wengine mnauita kideri. Aliyeuona hahitaji kusimuliwa: kuku anasinzia mchana, anahara kijani, anahema kwa taabu, shingo inapinda, asubuhi umekuta amelala miguu juu. Ndani ya siku kumi mama mmoja aliyekuwa na kuku 64 alibaki na 3. Mkopo wake ulikuwa haujafika nusu.

Na hapa tuseme ukweli, kwa kuwa historia ya kujisifu tu si historia. Chanjo tulikuwa tumeisikia. Afisa mifugo alikuja kikaoni akatueleza, tukaitikia, tukapiga makofi, halafu tukaambiana kuku wa kienyeji hawaumwi. La pili ni baya zaidi. Mdondo ulipoanza, wako kati yetu waliowauzia wachuuzi kuku wanaosinzia, upesi upesi kabla hawajafa. Baada ya wiki mbili tukasikia kijiji cha pili nao wanalia. Hakuna aliyetushtaki. Lakini tulijua, na mpaka leo tunajua. Wiki ile ile mtaa mzima ulinukia kuku. Tulichinja wale ambao bado walikuwa wanasimama, watoto wakala nyama kwa siku nne mfululizo kuliko walivyokula mwaka mzima, wakadhani ni sikukuu.

Yule mama hakuonekana kikaoni wiki tatu. Katiba yetu ilisema wazi, asiyerejesha dhamana yake inachukuliwa, na dhamana yake ilikuwa cherehani. Kikao kile hatutakisahau. Wengine walisema sheria ni sheria, tukimwachia huyu kesho wote tutaleta msiba wa kuku. Wengine wakasema tukichukua cherehani tumemchukulia na mkono. Tulipiga kura. Wa kumwongezea muda walishinda kwa kura mbili tu. Akapewa miezi sita bila riba, akamaliza kulipa kwa kushona sare za shule. Leo ndiye anayechanja kuku wa kikundi chote.

Kuhusu chanjo yenyewe tueleze kidogo, maana wasomaji wengine ni wafugaji. Mdondo ulielezwa na wataalamu kwanza mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na mji huo ndio ulioupa ugonjwa jina lake la kitaalamu. Hauna dawa. Kuku akishaugua, umechelewa. Chanjo tunayotumia inaitwa I-2, mbegu yake ilitoka Australia, na sifa yake ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani zilizotaka barafu wakati wote. Haina maana uiache juani. Tunaibeba kwenye kitambaa kibichi, ndani ya kikapu, asubuhi na mapema. Tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, vifaranga kwa wakubwa. Tunachanja nyumba zote siku moja na kuandika daftarini. Anayesahau anapigwa faini, na faini yenyewe imeshawapata viongozi wawili, hatutawataja.

Baada ya hapo kuku walizaana kweli. Wako walioongeza Kuroiler na Sasso, wengine tukabaki na kienyeji wetu. Na kadiri kuku walivyoongezeka, ndivyo tulivyozidi kuchinja. Mgeni kuku, Jumapili kuku, kikao kuku. Sherehe ya mgao ya Desemba 2018 tulichinja mbuzi wawili na kuku 20 kwa watu wasiofika 100. Katibu wetu, ambaye hana aibu na hesabu, alisimama Januari akasema kitoweo cha siku moja kilikuwa sawa na hisa za mwaka mzima za wanachama wanne. Tulimkasirikia.

Lakini mwaka huo huo lilitokea jambo katika nyumba ya mwenzetu. Baba alikwenda hospitali na dole gumba la mguu limevimba, akaambiwa ni gauti, apunguze nyama na pombe. Wiki hiyo hiyo mama alipeleka mtoto wa mwisho kliniki, muuguzi akatazama kadi, akasema mtoto uzito haupandi, anahitaji mayai, maziwa, hata nyama kidogo. Nyumba moja, chungu kimoja! Mwenzetu alipotusimulia tulicheka, halafu tukaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaifikiria nyumba yake.

Hotuba za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za miaka ile zilikuwa zikisema Mtanzania anakula wastani wa kilo 15 za nyama na mayai 106 kwa mwaka, na kwamba ni kidogo. Kilo 15 hazifiki robo tatu ya nusu kilo kwa wiki, na mayai 106 ni kama mawili kwa wiki. Hatubishi kwamba ni kidogo. Tunachosema ni kwamba wastani haukai mezani ukala. Anayekaa mezani ni baba na mgeni, na utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tuliojadili kama tule nyama zaidi au tupunguze tuligundua swali limekosewa. Kwetu sisi swali lilikuwa nani amepakuliwa nini.

Kwa hiyo mwaka 2019 tulipatana, kwa maneno tu, si kwenye katiba. Mayai hayatoki nyumbani kwenda sokoni kabla mtoto mdogo na mjamzito hawajapata yao. Kuku wa kila Jumapili akaachwa. Majogoo yanasubiri Januari yanunue daftari na sare. Siku nyingine ni kunde, choroko, dagaa, na mlenda na ugali wa uwele tuliokuwa tumeanza kuuonea haya. Akichinjwa kuku, anagawiwa kwenye sahani kila mtu na yake, badala ya bakuli la katikati ambalo mkono mrefu ndio unaoshiba.

Isidhaniwe ilikuwa rahisi. Mume mmoja aliuliza tumejiunga na dini gani. Mama mkwe mmoja alikwenda kula kwa jirani mwezi mzima. Na wako wanachama, tena wazuri, ambao mpaka leo wanasema mtu aliyeteseka ujana wake wote na mchuzi mtupu asiambiwe apunguze nyama sasa alipoipata. Hoja yao hatujaweza kuijibu vizuri. Tunachoweza kuonyesha ni kadi za kliniki, na yule baba wa gauti ambaye siku hizi anavaa viatu.

Kwa sherehe hii ya miaka 10 kamati ya mapishi imepitisha kuku 12, kunde za nazi, mlenda, na yai la kuchemsha kwa kila mtoto, watoto wakipakuliwa kwanza. Mbuzi hayupo. Lililobaki ni firigisi 12, ambazo kamati imezijadili vikao viwili bila kupatana. Zitapigiwa kura ya siri siku hiyo hiyo, wanaume waalikwa hawataruhusiwa kupiga.