Mkali wa kriketi nyumbani, je ugenini?

Javed Miandad wa Pakistan alistaafu mechi za Test akiwa na wastani wa mikimbio 52.57. Nyumbani ulizidi 61, ugenini haukufika 46. Viwanja alivizoea, sawa, lakini waamuzi nao walikuwa Wapakistani. Mpigaji akizuia kwa mguu mpira unaoelekea kwenye vijiti, mwamuzi ndiye anayeamua kama atoke, na wageni walilalamika kwamba Miandad kwao hatolewi hivyo. Ajabu, nahodha wake Imran Khan ndiye aliyepigania waamuzi wa nje. Mwaka 1986, Pakistan ilipocheza na West Indies mjini Lahore, waliletwa wawili kutoka India.

Na Don Bradman wa Australia? Nyumbani 98, ugenini karibu 103. Huyo simgusi, ingawa ugenini kwake kulikuwa Uingereza tu.