Mzigo wa Livingstone, Ujiji 1871

Juzi kundi letu la mradi tumebishana mpaka usiku. Tunatengeneza programu ya stoo ya dawa, na swali lilikuwa: nani awe na ruhusa ya kila kitu? Wenzangu wakasema, "Mtunza stoo, si ndiye anayeaminika?" Mimi mtoto wa Ujiji nikawaambia ngojeni kwanza niwape stori ya nyumbani.

Wageni wakija kwetu wanapelekwa kwenye miembe, pale Stanley alipomkuta Livingstone Novemba 1871. Salamu ile kila mtu anaijua. Hali ya mzee je? Tarehe 23 Oktoba alikuwa amerudi kutoka Manyema akiwa hoi, akitegemea mzigo aliotumiwa na John Kirk wa ubalozi wa Uingereza kule Unguja. Akakuta patupu. Merikani yadi 3,000 na shanga ratili 700, vyote vimeuzwa. Na enzi zile vitambaa na shanga ndo pesa yenyewe.

Aliyeuza ni Sherifu, aliyekabidhiwa mzigo. Alisema amepiga ramli kwa Kurani, ikaonyesha Livingstone kafa. Livingstone aliandika kwamba jamaa alijua fika yu hai. Ushahidi huo ni wa upande mmoja, sawa. Ila tazama mpangilio: aliyetunza mali ndiye aliyethibitisha kifo cha mwenye mali, na ndiye aliyeuza. Hata angekuwa mtu mwema, njia ya kuiba ilikuwa wazi.

Miaka 100 baadaye, 1971, Butler Lampson alieleza jedwali la ruhusa: mistari ni watu, safu ni vitu, kila kijumba kinasema nani afanye nini. Mwaka 1976 Harrison, Ruzzo na Ullman wakauliza: tunaweza kujua mapema kama ruhusa itakuja kumfikia asiyestahili? Wakathibitisha kwamba hakuna programu moja inayoweza kujibu hilo kwa kila mfumo. Ukitaka uhakika, bana uhuru wa watu kugawiana ruhusa mpaka njia zote ziweze kukaguliwa. Na 1987 Clark na Wilson wakaleta desturi ya wahasibu: anayeidhinisha asiwe anayetekeleza.

Basi tukachukua karatasi, tukaandika kazi tatu: kupokea dawa, kuandika kwamba imeharibika, kuitoa stoo. Je, ipo njia ya mtu mmoja kuzifanya zote? Ilikuwepo! Msimamizi mkuu alikuwa anaweza kujipa cheo chochote. Tumeifuta hiyo ruhusa. Sasa cheo kinatolewa na mtu wa pili.

Wawili wakila njama, jedwali halitawazuia, nakubali. Lakini sasa tunajua ni lazima wawe wawili, na hilo tunaweza kulionyesha kwenye karatasi bila kumwapisha mtu. Livingstone aliachiwa tumaini tu.

Haya, nakimbilia kipindi. Wenye hoja, leteni.