Goma: Bei ya kufua tapi imefuata njia ya bidoni ya maji

GOMA – Kabla ya kukubaliana bei ya kufua tapi mjini Goma, kuna swali moja la kwanza: maji yatatoka wapi? Historia ya mji huu inaeleza sababu.

Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Maji ya mvua huzama haraka kati ya mawe hayo, na kuchimba kisima ni kazi ngumu. Ziwa Kivu lipo karibu, lakini liko chini, na mitaa mingi iko juu yake. Maji lazima yasukumwe na pampu au yabebwe. Regideso, shirika la maji lililoundwa mwaka 1939 wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, halikuweza kufikisha bomba kila nyumba huku wakaaji wakiongezeka. Hivyo bidoni ya lita 20, inayobebwa mgongoni, kwa baiskeli au kwa chukudu, ikawa kipimo cha maisha.

Kila janga limekumbusha jambo hilo. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, tanki na mabomba yaliharibika, na karibu watu nusu milioni wakakosa maji. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na pampu zikasimama. Watu wakarudi ziwani na bidoni zao.

Sasa tuchukue mfano wa tapi. Tapi ya mita 2 kwa 3 ina mita mraba 6. Ya mita 3 kwa 4 ina 12, yaani mara mbili, ingawa mwenye nyumba huona ni "tapi moja" tu. Tuseme ile ndogo inahitaji bidoni 8 ili povu lote na vumbi jeusi vitoke. Hizo ni lita 160. Bidoni ikipanda faranga 100, gharama imepanda faranga 800 kabla ya sabuni. Mfuaji asiyepandisha bei hulipa tofauti hiyo kutoka mfukoni mwake, au hupunguza maji ya kusuuza, na tapi hurudi ikinata.

Juu ya bei hiyo huja nyongeza: kuchukua na kurudisha tapi, kutoa doa la mafuta au la mkojo wa mtoto, kukausha wakati wa mvua, kutia manukato. Usafiri ni gharama ya kweli, kwa sababu tapi iliyolowa huwa nzito sana. Doa gumu pia linataka dawa na muda. Manukato si lazima, na hayapaswi kuficha tapi ambayo haikukauka vizuri.

Tatizo lingine ni pesa zenyewe. Faranga ya Kongo ilianza kutumika mwaka 1998, lakini dola haijatoka sokoni. Maji hununuliwa kwa faranga, huku kazi ikiweza kutajwa kwa dola. Kiwango cha kubadilisha kisipotajwa mapema, mmoja kati ya hao wawili atapoteza.

Kwa hiyo, kabla tapi haijatoka mlangoni, pande zote mbili zipime mita, ziseme nani analeta maji, zihesabu kila nyongeza, na zitaje sarafu pamoja na siku ya kurudisha. Ugomvi mwingi huanzia kwenye neno ambalo halikusemwa.