Bastola ya Kigeni katika Forodha za Marekani

Kwa miaka mingi baada ya Vita Vikuu vya Pili, mtu aliyetaka bastola katika sehemu kubwa ya Marekani hakuwa na haja ya kuonana na mwuzaji wake. Alikata tangazo gazetini, akalitia bahashani pamoja na hawala ya fedha, na baada ya siku kadhaa akaletewa kifurushi. Na kwa kuwa ghala za majeshi ya Ulaya zilikuwa zimefurika silaha zisizokuwa na kazi tena, matajiri wa biashara hiyo, na mashuhuri miongoni mwao Samuel Cummings, mwenye maghala yake kando ya mto Potomac katika mji wa Alexandria, walizinunua jumla jamala na kuziuza kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu. Rivolva ambayo Lee Harvey Oswald, aliyeshitakiwa kumwua Rais Kennedy, alimwulia askari polisi mjini Dallas mwaka 1963 ilikuwa na safari ya namna hiyo: iliundwa Marekani na Smith & Wesson, ikapelekwa Uingereza wakati wa vita, ikarudi kwao kama bidhaa ya ng'ambo, mtutu wake ukakatwa, ikaagizwa kwa barua kutoka Los Angeles kwa dola 29 na senti 95.

Seneta Thomas Dodd alikuwa amekwisha kupeleka mswada wake barazani kabla ya Rais Kennedy kuuawa, lakini ilihitajiwa miaka mitano, na mauti ya Martin Luther King na ya Robert Kennedy, ndipo Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya silaha tarehe 22 Oktoba 1968. Sheria hiyo iliharimisha biashara ya bastola kwa posta baina ya jimbo na jimbo, ikakataza mtu kununua bastola nje ya jimbo akaalo, ikafunga mlango wa silaha kuukuu za majeshi ya kigeni, na kuhusu bastola nyingine za ng'ambo ikaamuru kwamba hazitaingia ila zile zinazotambulikana kuwa zafaa kwa michezo. Dodd alitoka Connecticut, jimbo la viwanda vya Colt na Winchester, na wapinzani wake hawakukosa kusema kwamba marufuku hayo yaliwafaa mafundi wa nyumbani kuliko yalivyoufaa usalama. Kwa mtazamo wangu, shutuma hiyo haikuwa ya husuda tupu, kwani bastola iliyomwua Robert Kennedy ilikuwa ya Iver Johnson, kampuni ya Massachusetts, na marufuku hayo hayakuwagusa waundaji wa namna hiyo hata kidogo.

Lakini ni nani atakayejua kwa kuitazama tu kwamba bastola hii ni ya michezo na ile si ya michezo? Maafisa wa serikali kuu walilitatua jambo hilo kwa karatasi ya alama, mithili ya mwalimu asahihishaye mtihani wa wanafunzi. Bastola isiyo rivolva ilitakiwa kupata alama 75; ilipewa alama kwa urefu, alama kwa kila aunzi ya uzito, alama kwa ukubwa wa risasi, alama 5 kwa kidokezo kionyeshacho kuwa risasi imo ndani ya mtutu, alama 10 kwa kilengeo cha shabaha kinachoweza kurekebishwa; na kabla ya hesabu yote hiyo ilikuwa lazima isiwe na kimo chini ya inchi 4. Walther PPK, bastola ndogo ya Kijerumani ambayo dunia nzima imeiona mkononi mwa James Bond sinemani, ilishindwa kwa kimo hicho, tena kwa upungufu usiozidi upana wa kidole. Mafundi wa Walther hawakulalama. Walichukua sehemu ya juu ya PPK, wakaipachika juu ya kiunzi cha dada yake mkubwa, PP, kilicho kirefu zaidi na kizito zaidi, na hivyo ikazaliwa PPK/S, bastola ambayo isingalikuwapo ulimwenguni lau si karatasi ya maafisa wa Washington. Vivyo hivyo Glock 17 ya Austria, iliyokuwa nyepesi kwa sababu ya kiunzi chake cha plastiki, iliingia katikati ya miaka ya themanini ikiwa imefungwa kilengeo cha kurekebishwa ili ijaze alama, na ilipokwisha kuvuka forodha kilengeo hicho kikaondolewa na cha kawaida kikatiwa mahali pake.

Waliokosa ustadi wa Walther walikuwa na hila nyepesi zaidi. Sheria ilizuia bastola nzima, haikuzuia vipande vyake; basi kampuni ya Röhm ya Ujerumani ikawa inaleta vipande Miami na kuviunganisha huko, na rivolva yake duni ya namna hiyo ndiyo John Hinckley aliyompigia Rais Reagan tarehe 30 Machi 1981. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1986. Huko Kalifornia ya kusini nako George Jennings alikuwa amekwisha kuanzisha Raven Arms mwaka 1970, akisubu kwa madini laini ya zinki zile bastola ndogo za bei rahisi ambazo zamani zililetwa kwa meli.

Ndipo majimbo yalipoingia kati, na kwa kuwa mnunuzi amefungwa na sheria ya 1968 asiweze kwenda kununua kwa jirani, neno la jimbo lake likawa ndilo neno la mwisho. Mahakama kuu ya Maryland ilihukumu mwaka 1985, katika shauri la mhudumu wa duka aliyejeruhiwa kwa rivolva ya Röhm, kwamba mwundaji wa bastola duni aweza kudaiwa fidia na aliyedhuriwa nayo. Baraza la jimbo likaitangua hukumu hiyo mwaka 1988, lakini badala yake likaweka bodi ya kuorodhesha bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, na wapiga kura wakaithibitisha mwaka ule ule. Massachusetts ilifuata mwaka 1998 kwa masharti makali kiasi cha kwamba Glock, iliyo kiunoni mwa askari wengi, haikuweza kuuzwa mpya dukani kwa raia wa kawaida. Bali bastola zilizokuwamo jimboni kabla ya tarehe 21 Oktoba 1998 zilisamehewa, na tangu hapo Glock kuukuu yenye ushahidi wa tarehe hiyo hutafutwa kwa bei isiyolingana na uchakavu wake.

Kalifornia ilizidi wote. Tangu mwaka 2001 kila aina ya bastola hupimwa kwa kuangushwa na kwa kupigwa risasi 600, bastola tatu za aina hiyo moja. Baadaye kile kidokezo cha risasi, kilichokuwa fadhila ya alama 5 tu kwa maafisa wa Washington, kikageuzwa faradhi kwa aina mpya. Na mwaka 2013 likaongezwa sharti la bastola kuchapa herufi ndogo mno juu ya ganda la kila risasi inapofyatuliwa, sharti ambalo hakuna mwundaji aliyelitimiza. Aina zilizokwisha kuorodheshwa zilibaki. Kwa hiyo Glock ya toleo la tatu iliendelea kuuzwa huko kama bidhaa mpya, ilhali majimbo mengine yalikwisha kupokea toleo la nne na la tano.

Hata aliyekwisha kununua bastola hakuwa huru kuilengea shabaha apendapo. Katika Jiji la New York, ambako rukhsa ya kumiliki bastola imetakiwa tangu sheria ya Sullivan ya 1911, mwenye rukhsa ya nyumbani aliweza kuichukua, tupu, ndani ya kisanduku kilichofungwa, na risasi zake mbali, mpaka kwenye viwanja vya shabaha vilivyo ndani ya jiji, navyo vilikuwa 7. Kuvuka mto kwenda kushindana New Jersey ilikuwa kosa. Watu wakashitaki, jiji likaibadili kanuni hiyo mwaka 2019 kesi ilipofika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2020 majaji wakasema hapana tena la kuamua. Miaka miwili baadaye mahakama hiyo hiyo ilitangua sharti la kuonyesha haja makhsusi kwa atakaye kubeba bastola hadharani, lakini maombi ya rukhsa yenyewe yangali yapelekwa kwa polisi wa jiji, kama ilivyokuwa.