Fanani Anapozeeka na Mhusika Asizeeke: Historia Fupi ya Uigizaji katika Televisheni ya Watoto, Ikitazamwa kutoka Naitiri

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika Mashariki umejishughulisha mno na matini: maadili yaliyomo, lugha iliyotumiwa na umri wa msomaji aliyekusudiwa. Fanani, yaani mtu anayeipa matini hiyo mwili na sauti, amepewa nafasi finyu. Upungufu huu hujitokeza waziwazi tunapogeukia televisheni ya elimu ya watoto, ambamo mwigizaji mmoja huweza kuishi na mhusika mmoja kwa miaka arobaini au zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kazi ya muda mrefu namna hiyo, maisha ya fanani huwa sehemu ya somo analofunzwa mtoto, na kwamba jambo hili huonekana bayana zaidi fanani anapozeeka au anapofariki.

Mifano yetu mikuu inatoka Marekani, katika kipindi cha Sesame Street, kwa kuwa huko ndiko historia hii ilikodumu na kuhifadhiwa. Hata hivyo, tunaitazama kutoka Naitiri, katika eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale. Tumechagua Naitiri kwa sababu mazingira yake ya Kibukusu yana sanaa mbili za utendaji zinazotusaidia kuunda swali letu: ngano za jioni na maombolezo ya kumuse.

2.0 Fanani wa Ngano na Fanani wa Msiba

Katika ngano za Kibukusu, ziitwazo chingano, mhusika anayependwa sana ni Wanakhamuna, sungura mjanja. Wanakhamuna si mali ya fanani yeyote. Kukhu, yaani nyanya, humpa sauti yake, kikohozi chake na mzaha wake. Kukhu huyo akifariki, Wanakhamuna huhamia kinywani mwa binti yake au mjukuu wake. Mhusika hana umri, bali fanani anao, na watoto wanaomsikiliza wanauona. Wanamwona akipoteza meno mwaka hadi mwaka huku sungura akiendelea kuruka. Hadhira na fanani hukua pamoja katika nyumba moja.

Sanaa ya pili ni kumuse. Mzee aliyeheshimika anapozikwa, omuswala kumuse huja mbele ya waombolezaji na kuhutubia akitembea huku na huko mbele ya umati. Husimulia historia ya ukoo na ya jamii, hutoa maonyo, na huwafariji walio hai kwa kuwakumbusha kwamba waliotangulia nao waliondoka. Kumuse haimwoni marehemu kama mtu aliyetoweka tu, bali humpa mahali katika mfuatano wa vizazi. Lakini hadhira yake hasa ni watu wazima. Mtoto anayeuliza kwa nini babu haji tena kunywa chai hajibiwi moja kwa moja na sanaa hii. Pengo hili ndilo litakalotuongoza katika uchambuzi unaofuata.

3.0 Will Lee: Mhusika Anayekufa na Fanani

Sesame Street ilianza kuonyeshwa tarehe 10 Novemba 1969. Waasisi wake, Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, walikusudia kuwafikia watoto wa umri wa kabla ya shule, hasa wale wa familia maskini za mijini. Miongoni mwa watu wazima wa mtaa ule alikuwamo Bwana Hooper, mwenye duka, aliyeigizwa na Will Lee.

Lee hakuwa mgeni katika jukwaa. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1908, akafanya kazi na Group Theatre, na baadaye akawa mwalimu wa waigizaji. Katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa wasanii walionyimwa kazi za filamu na televisheni kwa kukataa kushirikiana na kamati ya bunge iliyowasaka waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Alipoanza kumwigiza Bwana Hooper alikuwa na umri wa miaka 61. Msanii aliyewahi kuonwa kuwa hatari kwa taifa alikabidhiwa watoto wa taifa lilo hilo.

Lee alifariki tarehe 7 Desemba 1982. Watayarishaji walikuwa na njia tatu: kumtafuta mwigizaji mwingine wa nafasi ileile, kudai kwamba Hooper amehama, au kusema kweli. Baada ya kushauriana na wataalamu wa saikolojia ya watoto, walichagua ya tatu. Kipindi hicho kilionyeshwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ya Marekani ya kutoa shukrani, ili wazazi wengi wawe nyumbani pamoja na watoto wao.

Katika kipindi hicho, Big Bird, ndege mkubwa wa manjano mwenye akili ya mtoto wa miaka sita, anawagawia rafiki zake picha alizowachora. Anabaki na picha moja, ya Bwana Hooper, akawa anamngoja arudi. Watu wazima wanamweleza kwamba Hooper amekufa na kwamba hatarudi. Anapotaka kujua kwa nini mambo yawe hivyo, hawampi sababu. Wanakiri tu kwamba ndivyo yalivyo. Ndege huyo, ambaye kwa miaka yote alizoea kulikosea jina la Hooper na kusahihishwa, analikosea tena, na anasahihishwa na wengine kwa niaba ya aliyeondoka. Mwishoni mtoto mchanga analetwa mtaani.

Tukikisoma kipindi hiki kwa jicho la kumuse, tunaona mambo mawili. Kwanza, muundo unafanana: jamii inakusanyika, marehemu anatajwa kwa sifa zake, na kizazi kipya kinaingizwa ili maisha yaendelee. Pili, kuna tofauti kubwa. Omuswala kumuse husema kwa mamlaka ya ukoo, na ukoo una jibu. Watu wazima wa mtaa wa Sesame hawana jibu, nao hawalifichi jambo hilo. Hapa ndipo penye ujasiri wa kipindi: kinamruhusu mtoto aone mipaka ya maarifa ya mkubwa. Wala picha zile hazikuwa za kubuni tu. Zilichorwa na Caroll Spinney, mwigizaji wa Big Bird mwenyewe, na huzuni ya wenzake waliokuwa mbele ya kamera ilikuwa huzuni ya watu waliofiwa na mwenzao. Mhusika na fanani walizikwa pamoja.

4.0 Sonia Manzano: Mhusika Anayekua na Fanani

Njia ya pili inaonekana kwa Sonia Manzano, aliyezaliwa New York mwaka 1950 katika familia yenye asili ya Puerto Rico. Alianza kumwigiza Maria mwaka 1971 na kustaafu mwaka 2015, yaani baada ya miaka 44. Aliingia akiwa kijana na kutoka akiwa mtu mzima wa makamo ya bibi. Maria aliolewa na Luis, aliyeigizwa na Emilio Delgado, mwaka 1988. Mwaka uliofuata akajifungua mtoto, na mimba iliyoonekana katika skrini ilikuwa mimba ya Manzano mwenyewe.

Aidha, Manzano alikuwa mmoja wa waandishi wa kipindi hicho. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Mwigizaji anayeandika maneno ya mhusika wake kwa miongo kadhaa hukaribia hali ya kukhu, ambaye ni mtunzi na mtendaji kwa wakati mmoja. Mwili wake ni matini. Hata hivyo, hadhira ya Manzano ilibadilika kila baada ya miaka michache, kwa kuwa mtoto akishavuka umri wa kipindi huondoka. Hivyo mtoto mmoja mmoja hakumwona Maria akizeeka. Aliyeona ni mzazi, ambaye alimtazama Maria utotoni mwake, na sasa anamtazama tena akiwa amempakata mwanawe. Kwa Naitiri ni kinyume: kukhu huzeeka mbele ya macho ya mtoto yuleyule.

5.0 Caroll Spinney: Mhusika Anayerithiwa

Njia ya tatu ni ya Spinney mwenyewe. Aliigiza Big Bird na Oscar tangu mwaka 1969 hadi alipostaafu mwaka 2018. Kazi yake ilikuwa ya kimwili: ndani ya vazi lenye urefu wa zaidi ya futi nane, mkono wake wa kulia ulinyooshwa juu ya kichwa ili kuendesha kichwa na mdomo wa ndege, naye hakuona nje ila kwa televisheni ndogo iliyofungwa kifuani. Mwaka 2015 aliacha kuvaa vazi hilo kwa sababu ya matatizo ya kuhimili mwili, akabaki na sauti. Matt Vogel, aliyekuwa akijifunza kwake tangu miaka ya 1990, ndiye aliyerithi. Spinney alifariki tarehe 8 Desemba 2019 akiwa na miaka 85, na Big Bird bado alikuwa na miaka sita.

Hapa tunarudi kwa Wanakhamuna. Mhusika asiye na uso wa binadamu hurithiwa, kwa sharti kwamba pawepo mwanafunzi aliyekaa karibu na mwalimu kwa muda wa kutosha. Ni desturi ya Wabukusu kumpa mtoto jina la marehemu wa ukoo ili jina lisipotee. Vogel alipewa jina kwa namna hiyo. Isitoshe, mhusika wa aina hii huweza hata kuwalilia wanadamu: Jim Henson, mtengenezaji wa vikaragosi vya kipindi hicho, alipofariki mwezi Mei 1990, Spinney alihudhuria ibada ya kumbukumbu yake jijini New York akiwa amevaa Big Bird, akaimba mbele ya waombolezaji. Siku hiyo kikaragosi kilifanya kazi ya mfariji wa hadhara.

6.0 Hali ya Afrika Mashariki

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa hiyo kwa muda mrefu fanani wa watoto wetu alikuwa wa redio. Deborah Mwenda, kwa kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, alikuwa kukhu wa maelfu ya watoto ambao hawakupata kuuona uso wake. Sauti yake inakumbukwa na watu wazima wa leo, lakini uhakiki wetu haujaichambua inavyostahili.

Katika karne hii njia nyingine imejitokeza. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye likatoa Akili and Me, kuhusu msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Wahusika hawa ni wa katuni. Faida yake ni dhahiri: Akili huweza kusema Kiswahili, Kihausa au Kinyarwanda kwa kubadilishiwa sauti, jambo ambalo Manzano hangeweza. Mtoto wa Naitiri anamwona msichana anayefanana naye, katika lugha anayoielewa.

Lakini kuna kinachopotea. Akili hatazeeka, hatazaa, wala hatazikwa. Watu wanaompa sauti huweza kubadilishwa pasipo mtoto kujua, wala yeyote hapaswi kumweleza lolote. Somo alilopewa Big Bird mwaka 1983 haliwezi kutolewa kwa namna ileile na mhusika asiye na mwili wa kufa. Hii si lawama kwa watengenezaji wa katuni, ambao wameziba pengo halisi la elimu. Tunachosema ni kwamba katuni na fanani wa damu na nyama hawafundishi jambo moja, hata wanapohesabu namba zilezile.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha njia tatu ambazo kazi ndefu ya mwigizaji hugusa elimu ya mtoto: mhusika anayekufa pamoja na fanani, anayekua pamoja naye, na anayerithiwa. Njia hizi tatu si ngeni kwa jamii zetu. Zimo katika maziko, katika uzee wa kukhu na katika kurithishana majina. Jambo ambalo Sesame Street ilituzidi ni kuandika: tarehe za Lee, Manzano na Spinney zinajulikana, na kwa hiyo zinaweza kuhakikiwa. Mafanani wetu wa redio na televisheni ya watoto wanaondoka mmoja mmoja, na wengi wao majina yao yamebaki katika vinywa vya waliowasikiliza. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Na aanze kwa kuwauliza wazazi wake ni sauti ya nani iliyowafunza kuhesabu, kisha amtafute mwenye sauti hiyo wakati angali hai.