Barua-pepe zilizofutwa zilivyoigharimu benki dola milioni 29

MNAMO Aprili 2005, jopo la raia lililosikiliza kesi katika mahakama ya shirikisho mjini New York liliamua kwamba benki ya UBS imlipe aliyekuwa mfanyakazi wake, Bi Laura Zubulake, zaidi ya dola milioni 29 za Marekani. Dola milioni 9.1 zilikuwa fidia, na milioni 20.2 zilikuwa adhabu.

Bi Zubulake, aliyekuwa akiuza hisa kwa niaba ya benki hiyo, alidai alibaguliwa kwa sababu ya jinsia yake, kisha akafutwa kazi Oktoba 2001 baada ya kulalamika. Hata hivyo, mawakili wa kampuni kubwa kubwa wanaikumbuka kesi hiyo zaidi kwa barua-pepe zilizotoweka.

Chini ya sheria za Marekani, kabla ya kesi kusikilizwa kila upande unaweza kuutaka mwenzake utoe stakabadhi zote zinazohusu mzozo, zikiwemo zile zinazomuumiza mwenye kuzitoa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kufungua makabati na kubeba mafaili. Siku hizi stakabadhi zimo katika tarakilishi, seva na simu za maelfu ya wafanyakazi, na idara ya sheria ya kampuni ndiyo inayobebeshwa mzigo wa kuzitafuta.

UBS ilitoa kurasa 100 hivi za barua-pepe na kusema basi. Tatizo ni kwamba Bi Zubulake mwenyewe alikuwa ametoa kurasa 450 hivi alizokuwa amejiwekea. Zile nyingine zilikuwa wapi?

Zilikuwa katika kanda za akiba. Kila usiku mitambo ya benki ilinakili barua zote kwenye kanda. Kanda za kila siku zilihifadhiwa kwa siku 20 za kazi, za kila wiki kwa mwaka mmoja, na za kila mwezi kwa miaka mitatu, kisha zikatumiwa upya. Benki ililalamika kuwa kuzifungua kungekuwa na gharama kubwa mno. Jaji Shira Scheindlin aliamuru kanda tano zijaribiwe kwanza, na barua 600 hivi zilizohusu kesi zikapatikana. Mnamo Julai 2003 aliamua kwamba UBS igharimie asilimia 75 ya kazi ya kuzirejesha barua zilizosalia na Bi Zubulake asilimia 25.

Ndipo ilipogunduliwa kuwa kanda kadhaa hazipo, na kwamba baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamefuta barua.

Ikumbukwe kuwa mawakili wa benki hawakulala. Agosti 2001 waliwaagiza wafanyakazi wasiharibu chochote. Lakini mafundi wa mitambo hawakuambiwa waache kuzitumia upya kanda hadi Agosti 2002, Bi Zubulake alipoziulizia. Mfanyakazi mmoja aliulizwa kwa juujuu kuhusu faili alizokuwa nazo, mwingine hakuulizwa kabisa. Katika uamuzi wake wa Julai 2004, jaji alisema kuwa kutoa agizo hakutoshi. Wakili anapaswa kuzungumza na wahusika wakuu mmoja mmoja, ajue kila mmoja huhifadhi wapi barua zake, awakumbushe mara kwa mara na kuhakikisha kanda zimewekwa mahali salama. Aidha, aliamua kuwa jopo liruhusiwe kuchukulia kwamba barua zilizopotea zingeidhuru benki.

Swali jingine lilikuwa: jukumu hilo lilianza lini? Jaji alilirudisha nyuma hadi Aprili 2001, miezi kadhaa kabla ya malalamishi rasmi. Sababu yake inachekesha kidogo. Wasimamizi walikuwa wakiandikiana kuhusu Bi Zubulake na kuzipa barua hizo kichwa cha kuonyesha kuwa ni siri baina ya benki na wakili wake, ilhali hapakuwa na wakili aliyetumiwa. Walijichongea wenyewe, kwani kichwa hicho kilithibitisha kuwa tayari walitarajia kesi.

Kanuni za mahakama za shirikisho zilirekebishwa mwaka wa 2006 ili zitaje wazi data ya kielektroniki. Marekebisho ya 2015 yalilegeza kamba kiasi: adhabu kali kama ile ya kuruhusu jopo kuchukulia vibaya data iliyopotea hutolewa tu ikithibitishwa kuwa kampuni ilikusudia kumnyima mwenzake ushahidi. Uzembe pekee hautoshi.

Kuhusu gharama, utafiti uliochapishwa na taasisi ya RAND mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa takriban senti 73 za kila dola zilitumika katika kusoma stakabadhi, wala si kuzikusanya. Ndiyo maana idara za sheria huondoa kwanza nakala zilizojirudia na kuchuja kwa tarehe na maneno, kabla mawakili hawajaanza kutenganisha zinazohusika na zile ambazo kweli ni siri ya wakili na mteja wake. Mwaka huo huo wa 2012, mahakama ya New York ilikubali tarakilishi ifundishwe kuchambua.

Hapa nchini, Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana juu ya mtambo huo au shughuli husika. Nayo Mahakama ya Juu, katika kesi ya uchaguzi wa urais ya 2017, iliihesabia vibaya tume ya uchaguzi kwa kutotii kikamilifu amri ya kufungua seva zake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitaka kampuni zisihifadhi taarifa za watu kupita muda unaohitajika, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kwa hivyo wakili wa kampuni ya Nairobi anayemwamuru fundi asifute lolote anafaa aandike pia ni kwa sababu ya mzozo gani, taarifa za nani zinahusika, na ni lini amri hiyo itaondolewa.