HITA YA GARI INAYOTUMIA MAJI YA REJETA: INAVYOFANYA KAZI NA NAMNA YA KUITUNZA

Watu wengi wakisikia Dodoma wanafikiria jua na vumbi tu. Lakini anayelala ndani ya gari mwezi wa sita au wa saba huku kanda ya kati anajua habari nyingine. Usiku wa miezi hiyo joto la Dodoma mjini linashuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Ukipanda Singida, ambako ni juu zaidi na upepo haulali, hali ni mbaya zaidi. Wanaoipata ni madereva wa malori na matingo wao wanaolala Kibaigwa, Manyoni au Shelui wakielekea Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na watalii wenye magari ya kulala yaitwayo kampa.

Magari karibu yote ya aina hiyo yametoka kiwandani na hita. Ila huku kwetu utakuta hita ilivuja kidogo, fundi akaunganisha mipira miwili ili maji yasipite humo tena, mchezo umekwisha. "Bongo joto bwana, hita ya nini?" Halafu usiku wa baridi dereva anaingiza jiko la mkaa kwenye kebini. Hapo ndipo watu hawaamki.

1. HITA NI KITU GANI HASA?

Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Injini ikifanya kazi, maji yake yanafika nyuzi 80 hadi 95 hivi. Wota pampu inasukuma sehemu ya maji hayo yapite kwenye hiyo rejeta ndogo, feni inapuliza hewa juu yake, na wewe unapata joto. Hakuna mafuta ya ziada yanayochomwa. Ni joto ambalo lingepotelea hewani kupitia rejeta kubwa ya mbele.

Maana yake ni kwamba hita na injini vinakunywa maji yaleyale. Ukiyaharibu, umeviharibu vyote viwili.

2. ADUI WA KWANZA: MAJI YA KISIMA

Visima vingi vya Dodoma na Singida vina maji ya chumvi. Angalia ule ukoko mweupe ndani ya birika la nyumbani. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya injini, na vijia vyembamba vya hita ndivyo vinavyoziba mwanzo. Chumvi nayo inaleta kutu na kula alumini.

Dawa ni kulanti. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti, nusu maji safi: maji ya kuongezea betri (SIO asidi!) au maji safi ya mvua. Kama kopo limeandikwa kuwa imeshachanganywa, usiongeze maji. Kulanti inazuia kutu, inachelewesha maji kuchemka, na kwa wanaopita sehemu zenye sakitu kama Makete na Kitulo, inazuia maji kuganda na kupasua injini.

Kulanti za zamani hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na zile za muda mrefu zinafika hata miaka 5. Fuata kitabu cha gari. Usiamini rangi pekee, maana kila kampuni ina rangi zake. Na usihifadhi kulanti kwenye chupa ya soda. Ina utamu na ni SUMU, mtoto akiinywa inaweza kumuua.

3. HITA ZA KAMPA

Hita ya kawaida inahitaji injini iwe inawaka. Kampa nyingi za Ulaya zina mtambo wa pembeni. Webasto na Eberspächer za Ujerumani wanatengeneza mitambo midogo inayochoma dizeli ya gari na kupasha maji moto. Alde ya Sweden inatumia gesi. Pampu ya umeme inazungusha maji hayo kwenye mabomba ndani ya gari, na moshi unatoka nje kwa bomba lake.

Mambo ya kuzingatia:
- Iwashe dakika 10 hivi kila mwezi, hata kiangazi, ili isigande.
- Izime kwa swichi yake na uiache imalize kujipooza. Usichomoe betri ghafla.
- Izime kabla ya kuingia kituo cha mafuta.
- Hakikisha bomba la moshi halijaziba kwa tope wala halijatoboka.

4. KUTOA HEWA KWENYE MFUMO

Baada ya kubadilisha maji, hewa hubaki ndani na hita inapuliza baridi. Fanya hivi:

a) Injini iwe BARIDI kabisa. Kwa mwinuko wa Dodoma, karibu mita 1,100, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 tu. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyazuia kwa presha. Ukiufungua ya moto, yanalipuka usoni.
b) Egesha gari pua ikiwa juu kidogo.
c) Weka kitufe cha hita kwenye joto la mwisho.
d) Jaza taratibu, washa injini, minyaminya mipira ili hewa itoke.
e) Mpira wa juu wa rejeta ukipata moto, ujue thamostati imefunguka. Ongeza maji hadi kiwango, funga mfuniko.

5. DALILI NA MAANA YAKE

Injini ya moto, hita inapuliza baridi: maji yamepungua au kuna hewa ndani.

Mpira mmoja wa hita wa moto, mwingine baridi: hita imeziba au koki yake imefungwa.

Zulia la mbele limelowa, harufu tamu, kioo kina ukungu wa kunata: hita inavuja. Itengenezwe au ibadilishwe, sio kuunganisha mipira na kusahau.

Joto la uvuguvugu tu safari nzima: thamostati imekwama wazi, au fundi ameitoa. Kuitoa sio dawa ya gari kuchemsha. Injini inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka.

6. FAIDA AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Ukitoka Shelui unapandisha mlima Sekenke na mzigo, mshale wa joto ukaanza kupanda, zima AC na uwashe hita mpaka mwisho, feni kasi yote. Utatokwa jasho, lakini ile rejeta ndogo inaisaidia kubwa kutoa joto. Inaweza kukufikisha sehemu salama ya kusimama kabla hujaunguza gasketi. Aliyefungiwa hita hana msaada huo.

7. JIKO LA MKAA KWENYE GARI

Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu, unalegea, unalala moja kwa moja. Mkaa kutotoa moshi sio usalama. Kufungua kioo kidogo pia hakutoshi.

Vilevile usilale na injini inawaka usiku kucha, eksozi ikivuja ni gesi ileile. Washa injini ukiwa macho, hita ipashe kebini, zima, kisha jifunike blanketi. Ukimkuta mtu amelegea ndani ya gari, fungua milango, mtoe kwenye hewa safi, wahi hospitali.

Hita hainunuliwi, imo ndani ya gari tayari. Kabla ya baridi ya mwaka huu, mwambie fundi akuangalizie mipira yake miwili kama imeunganishwa. Mwenye swali au nyongeza amwage hapo chini. Tupo pamoja!